Maswali Yenu: Pointi za CPD Mnazo, Homa ya Mtu Mzima Je?

Toleo lililopita niliomba watu wa afya mniandikie kuhusu elimu ya kazini kwenye magonjwa ya kuambukiza ya watu wazima, hii elimu endelevu tunayoiita CPD, na meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, mpaka ndugu wa wagonjwa nao wameandika, jambo ambalo limenifurahisha kwa sababu sisi tusipojifunza wao ndo wanaoumia. Nimechagua chache, nimezifupisha kidogo, na majina ya vituo nimeyaondoa.

Shikamoo Dokta. Mimi ni tabibu kituo cha afya huku Kanda ya Ziwa. Semina naenda, vyeti ninavyo, pointi za kuhuisha leseni zinatosha na kubaki. Ila nikijiangalia kwa ukweli, mtu mzima akija na homa naandika yale yale ya mwaka wa kwanza kazini, malaria, Widal (kile kipimo cha taifodi), mkojo, na anaondoka na dawa ya malaria pamoja na antibaiotiki hata kama malaria haijaonekana. Tatizo ni mimi au ni semina? (Tabibu, Kanda ya Ziwa)

Marahaba kijana wangu. Hili swali lako ndo limenifanya niandike ukurasa mzima, kwa hiyo utanivumilia kwa urefu.

Tuanze na homa yenyewe. Kuna utafiti ulifanyika Moshi kwenye hospitali za KCMC na Mawenzi, mwaka 2007 mpaka 2008, walichukua wagonjwa 870 waliolazwa na homa, watoto na watu wazima, wakawapima kwa maabara ya uhakika. Wodini malaria ilikuwa imeandikwa kwa wagonjwa 528. Waliokutwa malaria ndo chanzo cha homa yao walikuwa 14. Narudia, 14 kati ya 870. Sasa wengine walikuwa na nini? Kuna waliokuwa na bakteria kwenye damu, kuna waliokuwa na TB imeshaingia kwenye damu, kuna wenye fangasi wa kriptokokasi, alafu lile kundi ambalo vichwani mwetu halipo kabisa, homa ya mgunda, homa ya Q, brusela, homa zinazoletwa na kupe, chikungunya. Hizo nyingi zinatoka kwa wanyama na wadudu, na sisi tunaishi na ng'ombe, mbuzi, mbwa na panya, ila mgonjwa akija hatumuulizi hata kama anafuga au anachinja.

Huko kwenu Ziwa malaria ipo ya kutosha, kwa hiyo usichukue namba za Moshi ukazipeleka kwako kama zilivyo. Ila kitu kimoja kinabaki pale pale: kipimo kikisema hakuna malaria, ndo kazi ya kufikiri inaanza. Shirika la Afya Duniani lilishasema toka 2010 kwamba watu wapimwe kabla ya kutibiwa malaria, sasa kupima alafu kutoa dawa kinyume na majibu ni kupoteza kipimo, kupoteza dawa, na kumpoteza mgonjwa ambaye ugonjwa wake halisi unaendelea kumla. Na kinyume chake pia ukijue, hiki kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona, kwa hiyo aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita akirudi na homa na kipimo kikawa chanya, usikimbilie kusema dawa imegoma, omba damu ikaangaliwe kwenye darubini huku unatafuta na chanzo kingine.

Mnakumbuka Lindi, Julai 2022, wilaya ya Ruangwa. Watu walikuwa na homa, kichwa kinauma, wanatoka damu puani, wakafariki 3 kati ya wagonjwa 20 waliotangazwa, na nchi nzima ikawa inauliza ni ugonjwa gani mpya. Ilikuja kujulikana ni homa ya mgunda. Bakteria wa zamani kabisa ambao wakiwahiwa wanasikia antibaiotiki za kawaida kama doksisaiklini na penisilini.

Sasa semina. Watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, wamekusanya majaribio mengi ya kupeleka watu wa afya kwenye mikutano ya mafunzo, na mabadiliko kwenye utendaji wao yanakuwa kama asilimia 6 hivi. Sio sifuri, ila ukilinganisha na tunavyotumia pesa na muda unaona kabisa kukaa kwenye kiti siku tatu na kusikiliza slaidi hakutoshi. Njia nyingine ni kumkagua mtu kazi yake mwenyewe na kumrudishia majibu, nayo kwa wastani inaleta badiliko dogo, asilimia 4 na kidogo, lakini inafanya kazi vizuri zaidi kwa mtu aliyeanzia chini, anaporudishiwa majibu zaidi ya mara moja, kwa mdomo na kwa maandishi, na msimamizi wake au mwenzake wa kazini, na akiwekewa lengo la kufikia. Hayo yote yanawezekana kwenye kituo chako bila mfadhili wala ukumbi.

Fanya hivi. Chukua rejista ya OPD (wagonjwa wa nje) ya mwezi uliopita, watoe watu wazima wote waliokuja na homa, na kwa kila mmoja andika kipimo cha malaria kilisemaje, ulitoa dawa gani, na ugonjwa gani mwingine uliuandika. Alafu hesabu wangapi hawakuwa na malaria na bado waliondoka na dawa ya malaria. Ipeleke hiyo namba kwenye kikao cha asubuhi, mganga mfawidhi akiwepo, bila kumtaja mtu jina, wekeni lengo la mwezi unaofuata, mwezi ukiisha hesabuni tena. Hapo ndo usome sasa mwongozo wa taifa wa matibabu, sura ya homa, kwa sababu unasoma ukiwa na swali lako mwenyewe kichwani. Na mkumbushane. Kenya walijaribu kwenye vituo 107 vya vijijini, watu wa afya walitumiwa meseji fupi kwenye simu kwa miezi sita kuhusu kutibu malaria kwa watoto, na utendaji sahihi ukapanda kwa karibu pointi 24 za asilimia, na miezi sita baada ya meseji kusimama ulikuwa bado uko juu. Meseji tu jamani. Kwa hiyo lile grupu lenu la WhatsApp la kituo linalojaa salamu za asubuhi lina kazi nzuri zaidi linayoweza kufanya.

Ukinijibu baada ya miezi mitatu na namba zako nitaziandika hapa, bila jina.

Dokta habari za kazi. Mimi sio mtu wa afya. Mama yangu ana miaka 63, tuko Morogoro, karibu kila mwezi anaambiwa ana UTI na taifodi, anachomwa sindano siku tano, anapata nafuu kidogo, mwezi ujao tena. Hivi madaktari wakishamaliza chuo huwa wanasoma tena? Na mimi nikiuliza maswali nitaonekana najifanya najua? (Binti wa Mama, Morogoro)

Pole sana mwanangu, na mpe mama shikamoo yangu. Ndio, tunatakiwa kusoma tena, kuhuisha leseni kunataka uonyeshe umejiendeleza. Kama kilichosomwa kimefika kwa mama yako hilo ni jambo lingine, na una haki yote ya kuuliza.

Taifodi ipo nchini, sio uongo. Lakini kile kipimo cha Widal ambacho ndo kinatumika sana kinaangalia kinga za mwili, na kwa mtu aliyeishi miaka 60 maeneo yenye taifodi, aliyewahi kuumwa zamani au aliyekutana na bakteria wa jamaa hiyo, kinga hizo zinaweza kuwepo tu bila ugonjwa wowote. Kipimo kimoja cha Widal peke yake hakithibitishi taifodi. Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara kuona kama bakteria wenyewe wanaota, na hata hiyo inakamata kama wagonjwa 6 kati ya 10, kwa hiyo sio rahisi kama inavyoonekana kwenye karatasi ya maabara. Na taifodi ya kweli kila mwezi, kila mwezi? Hapana. Hapo mtu anapaswa kusimama na kujiuliza upya.

Mkojo nao vile vile. Kuna kina mama wa umri huo wanaokuwa na bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote, na miongozo inasema kama hana dalili, sio mjamzito, na haendi kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, hatibiwi. Dalili ninazozungumzia ni kuchomwa wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara, maumivu chini ya kitovu au ubavuni pamoja na homa. Uchovu na mwili kuuma peke yake sio UTI.

Mkienda tena uliza kwa adabu tu, "Dokta, naomba kujua ni dalili gani za mama zinazoonyesha hii ni UTI, na je mkojo unaweza kuoteshwa kabla hajaanza dawa?" Alafu omba apimwe sukari, maana kisukari ambacho hakijajulikana kinaleta maambukizi ya kurudia rudia, omba pia aangaliwe TB na VVU, umri wake sio kinga. Kama amepungua uzito, anatoka jasho usiku, au anakohoa wiki mbili na zaidi, yaseme hayo mwanzoni kabisa kabla hata ya kutaja UTI. Daktari anayejali hatakasirika. Na sindano za siku tano kila mwezi zisimame mpaka ijulikane zinatibu nini, isipokuwa akizidiwa, homa kali, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, presha kushuka, hapo hamsubiri maswali mnakwenda hospitali moja kwa moja.

Salaam Daktari mwenzangu. Nimetibu watu kwa miaka mingi kabla hawa vijana hawajazaliwa. Sasa intern (daktari aliye mazoezini) ananiambia nimonia siku tano zinatosha, kwinini isitumike kwanza, kila mwaka kuna kipya. Uzoefu hauna thamani tena? Na mbona vingi vya hivyo vipya vinatoka Ulaya na Marekani? (Daktari wa siku nyingi, Nyanda za Juu Kusini)

Kaka yangu, uzoefu una thamani kubwa, mkono wako unapopapasa bandama au jicho lako linapoona mgonjwa anazidiwa kabla mashine haijasema, hicho kijana hana. Ila nitakuambia ukweli kwa heshima zote. Mwaka 2005 lilitoka jarida moja la tiba Marekani lenye uchambuzi wa tafiti 62 zilizoangalia miaka ya kazi na ubora wa huduma, na zaidi ya nusu ya tafiti hizo zilionyesha kadri miaka inavyoongezeka ubora unashuka kwenye kila walichopima. Sababu sio uvivu, ni kwamba dozi na dawa tulizojifunza tukiwa wanafunzi zinakaa kichwani imara sana wakati vimelea na ushahidi vinahama. Na kwenye magonjwa ya kuambukiza vinahama haraka kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya tiba.

Chukua hiyo kwinini. Mwaka huo huo 2005 yalitoka majibu ya jaribio la watu 1,461 wenye malaria kali huko Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar, wengi wao watu wazima. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 22, waliopewa atesuneti ya sindano walifariki asilimia 15. Yaani katika kila wagonjwa 100 unaowapa atesuneti badala ya kwinini kuna kama 7 wanaorudi nyumbani ambao wangezikwa. Sio suala la mtindo hilo, na sio la Ulaya pia.

Kuhusu siku za antibaiotiki, kijana wako yuko sahihi akimaanisha nimonia ya kawaida, mtu mzima, homa imeshuka, anapumua vizuri na anakula. Na mwaka 2024 likatoka jaribio kubwa kwa wagonjwa wa hospitali wenye bakteria kwenye damu, siku 7 dhidi ya siku 14, na wa siku 7 hawakufariki zaidi ya wenzao, ingawa hapo walitolewa wenye bakteria aitwaye staphi orea na wenye kinga iliyoshuka sana, kwa hiyo usiipeleke kwa kila mtu. Mwambie tu kijana asije akafupisha TB kwa kigezo hicho! TB ya kawaida bado ni miezi sita, na mgonjwa anayejisikia vizuri mwezi wa pili anaweza kuwa bado ana vimelea.

Ila hoja yako ya mwisho, kwamba vingi vinatoka kwa wenzetu, hapo mimi nakuunga mkono kwa nguvu zote na natamani kila anayeandaa semina aisikie. Lusaka, Zambia, hospitali kuu ya chuo kikuu, walichukua watu wazima 212 wenye maambukizi makali yaliyoshusha presha, wengi wana VVU, nusu wakatibiwa kwa utaratibu ule uliokuwa unasifiwa nchi tajiri, maji mengi ya dripu mapema, dawa za kupandisha presha, na damu. Majibu yalitoka 2017. Waliofuata utaratibu huo walifariki asilimia 48, waliotibiwa kwa kawaida ya pale walifariki asilimia 33. Wodi zetu hazina vitanda vya ICU vya kumhudumia mtu ambaye mapafu yamejaa maji, wagonjwa wetu wengi wana upungufu wa damu na TB, mwili haupokei vile vile. Kwa hiyo mkufunzi akija na slaidi ya sepsisi, yaani maambukizi makali kama hayo, muulize huu ushahidi ulitoka kwa wagonjwa wa namna gani na hospitali ya namna gani. Hilo swali ndo uzoefu wako unapotakiwa, na vijana wakikusikia ukiliuliza watajifunza zaidi kuliko kwenye slaidi.

Na ushahidi wetu wenyewe upo siku hizi. Homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi kwa wenye VVU, jaribio lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe lilionyesha dozi moja kubwa ya dawa ya fangasi, amfoterisini ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli za siku 14 haipungui nguvu ukilinganisha na zile sindano za kila siku kwa wiki nzima, na inasumbua figo na damu kidogo zaidi. Shirika la Afya Duniani likaipitisha 2022. Hiyo ni elimu ya Afrika kwa dunia nzima, na intern wako akiijua na wewe ukaijua, fundishaneni.

Dokta shikamoo, mimi ni nesi, nakesha sana zamu za usiku wodi ya kinamama. Semina zikija wanaenda wakubwa, wanarudi na begi na posho, sisi tunaoshika mgonjwa hatupati kitu. Kozi za mtandaoni zinakula bando. Tunajifunzaje? (Nesi wa usiku, Pwani)

Marahaba mdogo wangu. Nimekusoma na roho imeniuma, maana nayajua hayo.

Kagera, Machi 2023, homa ya virusi vya Marburg ilitangazwa Bukoba Vijijini, wagonjwa 9, wakafariki 6, na mmoja wa waliofariki ni mtumishi wa afya mwenzetu. Januari 2025 ikarudi Biharamulo, watu 10 wakiwemo wale ambao hawakuwahi kupimwa maabara, na wote 10 hawapo tena. Kila mlipuko kama huo unaanza na mtu mzima mwenye homa, anatapika, anaharisha, anafanana na mgonjwa wa malaria au taifodi, na wa kwanza kumgusa ni nesi. Kwa hiyo anayepanga majina ya semina na kumruka nesi wa zamu anapanga vibaya, na ningependa wakuu wa vituo wanaosoma ukurasa huu walichukue hilo kama ombi kutoka kwangu.

Wakati tunasubiri wabadilike, msisitizo wangu ni kujifunza pale pale wodini. Nenda kwa matroni mkiwa wawili watatu, ombeni dakika kumi na tano za makabidhiano ya zamu mara moja kwa wiki, mgonjwa mmoja wa wodi yenu, swali moja. Kwa mfano huyu mama ana kikohozi wiki tatu na yuko katikati ya wodi, nani alipaswa kumtenga, makohozi yalichukuliwa lini, barakoa ya N95 iko wapi, dirisha limefungwa kwa nini. Hiyo ni elimu endelevu, ifanyeni iandikwe kwenye daftari, tarehe, mada, waliohudhuria, alafu muulizeni mratibu wa mafunzo wa wilaya utaratibu wa kuisajili ipate pointi kwenye baraza lenu. Na anayetoka semina sharti afundishe wenzake ndani ya wiki ile ile, mfawidhi aliweke hilo kama utaratibu, aliyepata posho alipe kwa kufundisha.

Kama hospitali yenu ina kompyuta na mtandao wa ofisi, kuna mtindo wa kukutana kwa video kujadili wagonjwa, unaitwa ECHO, ulianzishwa 2003 na Daktari Sanjeev Arora huko New Mexico, Marekani, kwa ajili ya homa ya ini C. Wataalamu wachache wa chuo kikuu walikuwa wanajadili wagonjwa kila wiki na watu wa vituo vya vijijini na magereza, na majibu yaliyochapishwa 2011 yalionyesha waliopona kwa watoa huduma wa vijijini ni asilimia 58.2, na pale kwa wataalamu ni 57.5. Hakukuwa na tofauti. Sasa hivi mtindo huo umesambaa Afrika kwenye VVU na TB, ulizia mkoani kwenu siku yao ni ipi, kaeni watu wote kwenye skrini moja, bando halitoki mfukoni mwako.

Na hili naomba ulibandike ukutani leo kabla hata ya semina yoyote. Ukijichoma na sindano, osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku. Dawa za kuzuia VVU zianze haraka iwezekanavyo, mwisho masaa 72, na zinanywewa siku 28. Hatari ya VVU kwa kujichoma mara moja ni kama 3 kati ya 1,000, lakini homa ya ini B, kama mgonjwa ana virusi vingi na wewe hujachanjwa, inaweza kufika hata 30 kati ya 100. Chanjo ni dozi tatu. Kama hujamaliza zote tatu, na najua wengi mlichoma moja mkaishia hapo, anza kufuatilia kesho asubuhi.

Dokta mimi ni muuzaji Duka la Dawa Muhimu, Ruvuma. Mteja anakuja na mia tano anataka amoksilini vidonge vinne vya kifua. Nikikataa anaenda duka la jirani. Mafunzo yetu tuliyapata mara moja tu tulipoanza. (Muuza dawa, Ruvuma)

Mkoa wako ndo ulioanzisha maduka haya kwa majaribio mwaka 2003 na nchi nyingine zikaja kujifunza, kwa hiyo mnastahili kupewa mafunzo ya mara kwa mara, sio ya mwanzo tu, na nalisema hili nikijua watu wa mkoa wanasoma.

Vidonge vinne usiuze. Kifua cha mafua hakihitaji antibaiotiki kabisa, na nimonia haitibiwi na vinne, kwa hiyo kwa vyovyote mia tano yake inapotea. Muulize amekohoa muda gani. Wiki mbili au zaidi, mpeleke zahanati akapime TB, makohozi hayalipiwi. Anahema haraka, ana maumivu makali ya kifua au homa kali, kituo cha afya leo. Mengine, maji moto, asali, parasetamoli, na umwambie kwa upole kwanini. Mwaka 2019 peke yake ilikadiriwa watu milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kwa sababu bakteria wamekuwa sugu kwa dawa, na usugu huo unapikwa kwenye vidonge vinne vinne. Kuhusu duka la jirani, kutaneni wenye maduka wa kata mkubaliane wote, mwiteni mfamasia wa wilaya awepo.

Daktari hujambo. Mimi ni clinical officer hapa Mombasa, ninawasoma kutoka Kenya. Kwa simu naletewa PDF nyingi za miongozo ya HIV na TB, kila grupu ina yake, zingine zinapingana. Nitajuaje ya kuamini, na kuna kozi za bure za maana? (CO, Mombasa)

Sijambo ndugu yangu, salamu kwa watu wa Mombasa. PDF ikija usianze na dozi, anza na ukurasa wa kwanza: nani ameitoa, mwaka gani, nchi gani, na je inahusu watu wazima. Ikikosa kimojawapo usiitumie kwa mgonjwa. Ukikuta mbili zinapingana, ya wizara yako ya mwaka wa karibuni ndo unayoifuata kazini, kwa sababu ndo inayoendana na dawa zilizopo stoo. Picha za kurasa zilizokatwa, hizo futa kabisa.

Ntakupa mfano wa kwanini mwaka una maana. Dolutegraviri ndo dawa kuu ya VVU sasa hivi, kidonge cha miligramu 50 mara moja kwa siku. Mgonjwa huyo akipata TB na akaanza dawa zenye rifampisini, ile rifampisini inaishusha dolutegraviri kwenye damu, ndo maana miongozo mingi inasema iongezwe 50 nyingine, asubuhi na jioni, mpaka wiki mbili baada ya kumaliza dawa za TB. Kwenye mwongozo wa zamani wa enzi za efavirenzi, dawa iliyotumika kabla yake, huwezi kulikuta hilo, na nimeona watu wakiwa wanaufuata kwa moyo safi kabisa.

Kozi za bure, tafuta za Shirika la Afya Duniani, chuo chao cha mtandaoni ambacho kituo chake kilifunguliwa Lyon, Ufaransa, Desemba 2024, na wana kitabu cha antibaiotiki kinachoitwa AWaRe, cha 2022, kinachokuonyesha kwa kila ugonjwa wa kawaida, mtu mzima na mtoto, dawa ya kwanza, dozi na siku ngapi, na muhimu zaidi kinakuambia ni wakati gani hutakiwi kutoa antibaiotiki yoyote. Kipakue ukiwa kwenye waifai ya kazini kiwe ndani ya simu. Anza na sura ya nimonia ya watu wazima na ya maambukizi ya mkojo, linganisha na wagonjwa wako watano wa wiki hii, na palipo tofauti na mwongozo wa Kenya muulize mfamasia wa hospitali yenu kabla hujabadilisha chochote.